Ngozi Saba Ndani ya Tangi la Mtama

Walisema sitaweza. Mjomba wangu alisema mtoto aliyelelewa kwa maziwa na damu hawezi kulinda nafaka, kwa sababu hajui nafaka inataka nini. Mbuzi akiumwa atalia, alisema. Gunia likiumwa litakuambia nini? Vibarua wenzangu wa Kitale walisema Mturkana huyu ataondoka siku atakaposikia mvua imenyesha kwao. Karani mmoja mwenye miwani alisema, tena mbele yangu, kwamba nitafika mlangoni mwa ghala na hapo hapo nitaishia, nikiwa nimeshika rungu la mlinzi. Nawaandikia ninyi vijana mnaoshika maghala sasa ili mjue kwamba wote hao niliwapita, diploma mkononi. Mengine nitayasema polepole. Siku hizi nikikaa nje ya nyumba yangu hapa Lodwar, mchana upepo unapotoka ziwani na kuzungusha vumbi, miaka ile hunijia kama usingizi, na sioni sababu ya kuiharakisha.

Nilianzia Kitale, nikishusha magunia. Msimamizi wa ghala alikuwa Mzee Wafula, Mbukusu mfupi mwenye kifua kipana, ambaye hakupenda kelele karibu na nafaka. Aliniita kando siku moja, nadhani kwa sababu mimi peke yangu nilijua kunyamaza. Akaniambia nifumbe macho, nitie mkono katika gunia la mahindi hadi kiwiko.

"Unasikia nini?"

"Joto, mzee."

"La jua au la ndani?"

Sikujua. Akanirudisha kwenye magunia kila asubuhi mpaka nikajua. Joto la jua hukaa juu juu, kama shuka. Joto la ndani hukungoja chini, lina unyevu kidogo, na ukilisikia ujue fukusi wameanza harusi. Alinifundisha kutumia bambo, ule mrija wa chuma wenye ncha unaochoma gunia na kurudi na punje za katikati bila kulifungua. Alinifundisha kuuma punje: ikikatika kwa mlio ni kavu, ikikubali jino kama ugali wa jana irudishe juani. Na alikuwa akisema nafaka hailali, inasinzia tu, inapumua polepole gizani, na kazi ya mtunzaji ni kuketi karibu na kusikiliza pumzi hiyo. Mpaka leo nikiingia duka lolote la mahindi nasimama kwanza mlangoni nisikilize. Wenye duka hudhani nimekuja kukopa.

Kuhusu chuo sitasema mengi, ila nilikwenda na nikarudi na diploma ya utunzaji wa nafaka. Inaning'inia ukutani kwangu. Mgeni asipoiona mwenyewe, humwonyesha.

Nilirudi nyumbani mwanzoni mwa miaka ya tisini, wakati ukame ulikuwa umeifanya barabara ya kutoka Kitale kuwa mto wa malori. Siku yangu ya kwanza katika ghala la Lodwar nilikuta magunia yamepangwa mpaka yamegusa kuta, hakuna pa kupita, na rundo moja limeinama kama mzee anayetafuta sindano. Juu yake wapagazi wanne walikuwa wanakunywa chai. Vidonge vya kufukizia wadudu, ambavyo gesi yake inaweza kuua watu wa nyumba nzima, vilikuwa katika mkebe kwenye rafu moja na sukari ya hiyo chai. Niliwateremsha wote, nikafunga ghala. Meneja alikuja akiwa amekasirika, akaniuliza kwa Kiingereza ni nani aliyenipa mamlaka. Nikamwambia kwa Kiswahili kwamba rundo lile litamjibu kesho. Kwa kweli lilimjibu alasiri ile ile. Liliporomoka likavunja mizani, na halikumpata mtu, kwa sababu mlango niliufunga mimi.

Kufukiza nako kulikuwa na vituko vyake. Rundo hufunikwa turubai, na kingo zake hukandamizwa na mifuko mirefu ya mchanga, ile tunayoiita nyoka, ili gesi isitoroke. Mchanga Lodwar hauna bei, basi nyoka zangu zilikuwa nono kuliko za Kitale. Tatizo likawa wazee waliozoea kuja kivulini. Mzee mmoja aliacha nyumbani ekicholong yake, kile kigoda kidogo ambacho mwanamume wa kwetu hukikalia na kukilalia, akavuta nyoka yangu moja aifanye mto. Nilimkuta amejinyoosha ukutani, uso wake mkono mmoja tu kutoka kwenye ukingo uliofunuka. Nilimbeba mgongoni hadi penye upepo, naye njia nzima akinitukana mimi na ukoo wangu kwa kumkatizia ndoto nzuri. Alipoamka sawasawa akaniambia katika ndoto hiyo alikuwa na ngamia wengi. Tangu hapo sikufukiza bila kuweka mtu mlangoni, awe na sauti kubwa na asiogope wazee.

Kisha nikapelekwa Kakuma. Kambi ya wakimbizi ilikuwa bado changa, mahema na miti mikavu, na watu waliokuja kwa miguu kutoka Sudan wakiendelea kuwasili. Pale shirika la misaada lilikuwa limesimamisha tangi refu la bati nene, lenye mashine ya vikopo vya kupandisha mtama hadi juu, ngazi ya chuma ubavuni, mlango wa mtu kupenya penye paa, na chini kabisa mdomo wa kumwagia mtama kwenye magunia. Mdomo ulifunguliwa kwa mpini wa chuma uliochomekwa kwenye tundu lake. Hakukuwa na tangi jingine kama hilo upande wetu wote. Asubuhi na mapema jua lilipolipata, lilionekana kutoka mbali kama kitu kilichoteremshwa na mbingu kikasahauliwa. Bati lilianza kulia kadiri lilivyopata joto, tii, tii, na mtama ndani ukajibu kwa kuteleza kidogo. Mara nyingi niliegemeza sikio langu pale. Wapagazi walisema Bwana Stoo anaongea na mke wake wa pili.

Katika wapagazi hao, wawili walikuwa mikono yangu. Ekai alikuwa wa Kalemng'orok, mwenye mdomo usiotulia. Yeye alishika mpini wa mdomo wa tangi na kuwachokoza madereva. Wa pili alikuwa Yohana Majok, mkimbizi, Mdinka wa upande wa Renk, mrefu hata alipoinama mlangoni ungedhani anasalimu. Alivaa msalaba wa mti shingoni. Alikuwa amelima mtama tangu utotoni, na alijua mambo yake. Nikimpa punje aume, tulikubaliana karibu kila mara. Ekai alimwita Mlingoti. Majok naye alimwita Ekai Redio, kwa sababu, alisema, ile ingine inazimwa usiku.

Kifuniko cha mlango wa juu hakikufunga vizuri. Hilo nililiripoti Lodwar kwa barua na kwa redio. Jibu lilirudi kwa Kiingereza safi kwamba wamelizingatia. Vijana, mkiona neno hilo kutoka ofisini, tafuteni turubai lenu wenyewe. Nilifunga turubai kwa kamba, upepo ukalichukua ukalipeleka ng'ambo ya laga ya Tarach, ule mto wetu mkavu, na kabla sijapata jingine mvua ikanyesha, ile mvua yetu isiyokuja na ikija haijui adabu. Mtama wa juu ukalowa, ukashikana, ukakauka tena. Ukawa kama paa. Tulipofungua mdomo chini, mtama wa chini ukatoka, lile paa likabaki limening'inia, na kati yake na mtama uliobaki pakawa pango tupu.

Sisi hatukuliona pango. Tuliona tu kwamba asubuhi ya siku ya mgao mtama ulitoka kidogo, ukakatika. Malori mawili yalikuwa yanangoja, na nje ya uzio watu wa kambi walikuwa tayari wamepanga mifuko. Ekai aliacha mdomo wazi, akachukua nyundo ya mti, akaanza kupiga ubavu wa tangi. Mimi nilikuwa kwenye mizani, nabishana na dereva. Majok hakungoja kuambiwa. Alichukua mti mrefu, akapanda ngazi.

Ni lazima niwaeleze kwa nini alifanya alivyofanya, kwa sababu hakuwa mjinga, na ofisini baadaye walitaka kuandika kwamba alikuwa mjinga. Kwao mtama huwekwa chini ya ardhi. Wanachimba shimo kubwa katika udongo mweusi, wanalijaza, wanalifunika, na mtama unaweza kukaa humo miaka. Wakilifungua, tabaka la juu huwa limeshikana kama mkate. Kijana hushuka, anasimama juu yake, analivunja kwa mti, na hakuna linalompata. Majok alikuwa amefanya hivyo mara nyingi. Alichungulia kwenye tangi langu, akaona mkate ule ule aliouacha nyumbani, akashuka.

Nilisikia mti wake ukigonga ndani. Du. Du. Ulikuwa mlio mtulivu, nami nilifurahi kwamba mtu anafanya kazi. Halafu mtama ukaanza kumwagika chini kwa wingi, Ekai akapiga kigelegele kama mwanamke, dereva akacheka. Na mti haukugonga tena.

Nilipiga kelele Ekai afunge mdomo. Akafunga, akishangaa. Nilipanda ngazi ile nikiwa sijui mikono inashika nini. Ndani kulikuwa na nguzo ya mwanga iliyoshuka kutoka mlangoni, na vumbi la mtama likizunguka humo polepole, la dhahabu, zuri kupita kiasi, kama kitu unachokiona ukiwa na homa. Chini ya nguzo hiyo kilikuwa kichwa cha Majok, mabega yake na mkono mmoja. Vingine vyote vilikuwa vimekwenda. Mtama ulikuwa umetulia kabisa kumzunguka, usingejua kwamba umefanya jambo lolote.

"Bwana Stoo," akasema, taratibu, "hii mtama inapumua."

Mtama haukuwa unapumua. Ni yeye, na kila alipotoa pumzi mtama uliingia ilipokuwa pumzi hiyo, ukambana kifua. Nilimwambia apumue kidogo kidogo na asijaribu kupanda.

Ndugu zake walikuwa wamekwisha kufika na kamba. Walitaka kumfunga kwapani wamvute. Niliwazuia mlangoni, nimetanua mikono, na mmoja wao akanishika shati. Akaniuliza kama ninamwacha ndugu yake afe kwa sababu ni mtu wa kambini. Nikamwambia mtama umemshika kwa uzito kuliko wanaume ishirini, na wakimvuta watachomoa mabega yake, mwili utabaki. Kamba ifungwe, ndiyo, lakini ya kumzuia asizame zaidi, isivutwe hata na mtoto. Mtu aliyezama katika nafaka hutolewa kwa njia moja. Unamjengea ukuta umzunguke, kama kisima, ili mtama wa nje usiingie tena, halafu unateka mtama ulio ndani ya kisima mpaka yeye mwenyewe aweze kuinua mguu. Hilo nilifundishwa chuoni kwa mchoro. Katika Kakuma nzima siku ile mtu aliyeuona mchoro huo alikuwa mmoja, na ndiye anayewaandikia.

Mchoro ulikuwa na mabamba ya chuma yaliyotengenezwa kwa kazi hiyo. Mimi nilikuwa na mbao za kupangia magunia, zilizopigiliwa misumari, pana kuliko mlango wa tangi. Bati tulilokuwa nalo halikukunjika. Nilisimama juu ya ngazi nikitazama nje, na nakumbuka jinsi kila kitu kilivyokuwa mbali na kimya: malori, watu na mifuko yao, laga nyeupe bila maji. Na upande wa pili wa uzio, wanawake wa Kiturkana waliokuja na punda kubadilishana kuni na mtama. Juu ya punda wao zilikuwa ngozi za ng'ombe, zile kavu ngumu wanazolalia na kuezekea wakihama, zimeviringishwa kama karatasi.

Nilishuka mbio. Mwanamke wa kwanza alikuwa mzee mwenye shanga hadi kidevuni, jina lake Mama Apua. Nilimsalimu ejok kwa haraka isiyo na heshima, nikaomba ngozi.

"Ni mtu wa nani huyo aliyemo?" akauliza.

Siku hizo hatukuwa tunapendana na watu wa kambi. Kulikuwa na mambo ya kuni, ya mbuzi, ya maji. Ningeweza kusema uongo.

"Ni wa kambini, mama. Ni kibarua wangu."

Alinitazama. Kisha akaanza kufungua kamba za punda, bila haraka, akinung'unika kwamba wanaume wanajenga nyumba ndefu kisha wanaanguka ndani. Wengine walipomwona anafungua, nao wakafungua. Zikawa ngozi saba.

Zilipita mlangoni zikiwa zimeviringishwa, kama vile mlango ule ulipimwa kwa ajili yake. Mbili tulizitandika juu ya mtama ili tusimame bila kuzama. Nilishuka mimi, nimefungwa kamba, na Ekai nyuma yangu, akizipokea ngozi moja moja. Tano tulizisimamisha kumzunguka Majok, moja ikipanda juu ya nyingine, tukazisukuma chini kwa kuzizungusha huku na huku, kidole kwa kidole. Ngozi laini ingejikunja. Hizi zilikuwa zimekaushwa na jua la Turkana, ziliingia kama jembe. Kisha tukaanza kuteka, kwa mikebe na kwa vibuyu vya maziwa vya wanawake wale wale. Mtama uliotekwa ulipitishwa juu kwa ndoo, mkono kwa mkono, na ndugu zake Majok ndio waliopanga mstari ngazini. Yule aliyenishika shati alikuwa wa kwanza.

Nje jua lilipanda. Ndani muda haukuwa na umbo. Majok alikuwa anaimba kwa pumzi fupi wimbo wa fahali wa baba yake, akisahau maneno, akirudia. Mara akaacha.

"Bwana Stoo. Huku chini iko mdomo?"

"Upo."

"Kwetu hakuna. Shimo yetu haina mdomo."

"Najua. Imba."

Tulipofika kiunoni mtama uliacha kushuka. Ngozi moja ilikuwa imejipinda na kumbana. Nilitoa kisu, nikaipasua kutoka juu hadi chini, nikachomeka moja ya zile tulizosimamia penye ufa. Ilikuwa ya Mama Apua. Magotini, Majok akasema mguu wa kulia umerudi kwake. Ndipo nikawaambia wavute, polepole, naye akatoka kama ndama anavyotoka, miguu mwishoni, amefunikwa vumbi jeupe, hawezi kusimama. Nilipochungulia nje ya tangi, watu wa kambi na watu wangu walikuwa wamesimama pamoja chini, wametazama juu wote.

Ofisi ya Lodwar ilileta kifuniko kipya wiki ile. Mimi nilileta sheria, nayo mpaka leo naona mnaifuata huku hamjui ilikotoka: anayepanda tangi hupanda na mpini wa mdomo shingoni mwake, kwa kamba. Akiwa ndani, hakuna chuma duniani kinachoweza kufungua chini. Meneja alisema itachelewesha kazi. Nikamwambia aniandikie kwa mkono wake kwamba mtu apande bila mpini, atie sahihi. Hakuandika.

Zikabaki zile ngozi. Zote saba zilikuwa zimeharibika, zimetobolewa na kukanyagwa, na ngozi kwa mwanamke wa kwetu ni kitanda, ni ukuta, ni mzigo wa punda. Shirika halikuwa na fungu la ngozi. Nilizitafuta mwenyewe machinjioni Lodwar, moja moja kadiri ng'ombe walivyochinjwa, nikazitandaza kwa vigingi nyuma ya ghala mpaka zikalia zikigongwa. Nilirudisha ya kwanza, ya pili, nikaendelea hivyo. Kila mwenye ngozi aliigonga, akanusa, akaniambia ile yake ilikuwa nzuri zaidi.

Ya mwisho ilikuwa ya Mama Apua. Alikuwa amehama na mifugo yake hadi nje ya Kalobeyei. Nilikwenda na Majok, ambaye sasa alitembea vizuri, akiwa ameibeba ngozi kichwani. Ilikuwa ngozi bora kuliko zote, nyekundu yenye mabaka meupe. Niliichagua mwenyewe, na mimi sikosei kuchagua. Mama Apua hakuigonga. Alimtazama aliyeibeba.

"Huyu ndiye?"

"Ndiye, mama."

"Ile uliyoipasua, nilizalia watoto wangu wote juu yake. Na huyu naye imemtoa." Akaigusa ile mpya kwa kidole, akaisukuma kando kidogo. "Nani alimpa jina?"

Nilimtafsiria Majok. Akajibu kwamba ana majina, la kanisani ni Yohana na la kwao ni Majok. Mama akasikiliza kwa adabu, halafu akasema hayo ni ya safari za zamani. Akaingia ndani akatoka na kibuyu cha maziwa, akamwekea mkononi, akamwita Lomomwa, yaani wa mtama, mara moja tu, kama anavyoitwa mtu aliyekwisha kuzoea kuitwa hivyo.

Majok alinitazama mimi. Nilimwambia aitike. Akaitika, akanywa.

Kisha Mama Apua akaikunja ngozi mpya, akaiweka juu ya punda wake, akaniambia sasa niende, deni langu limekwisha. Tulirudi Kakuma kwa miguu, sisi wawili, katika joto linaloinua milima kutoka ardhini na kuifanya ielee hewani, na siku ile hapakuwa na mwanamke hata mmoja Turkana nzima aliyenidai ngozi.